Mcheza Kwao Hutunzwa? Kesi ya Bondia Mkubwa wa Accra

Novemba 2022, Baraza la Ndondi la Dunia, WBC, lilikutana Acapulco, Mexico, na kufanya jambo ambalo ndondi hailifanyi mara kwa mara: lilirudi nyuma miaka 31 na kugeuza matokeo ya pambano. Tarehe 28 Juni 1991, Las Vegas, Azumah Nelson wa Ghana na Jeff Fenech wa Australia walikuwa wametoka sare baada ya raundi 12, na kwa sare hiyo Nelson akabaki na mkanda wake. Sasa WBC ikasema aliyeshinda usiku ule ni Fenech. Akavishwa mkanda akiwa na miaka 58.

Naanza na habari hiyo kwa sababu inavuruga hadithi ambayo wapenzi wa ndondi za Accra tumeizoea. Katika hadithi hiyo, bondia wa Accra ndiye anayedhulumiwa siku zote. Anapanda ndege, anapigana ugenini, anarusha makonde mengi kuliko mwenyeji, kisha majaji watatu wanamwandikia kingine. Inasimuliwa hivyo kuhusu mapambano ya 1999, 2009 na 2011 nitakayoyafikia mbele, na hata kuhusu lile la 1964, ingawa lilipiganwa Accra kwenyewe. Kumbe bondia ambaye karibu kila mtu anamtaja kuwa mkubwa kuliko wote waliotoka katika jiji hilo ndiye aliyewahi kupokea zawadi ya majaji iliyo wazi kuliko zote. Je, kiti chake kinatikisika? Na kama kinatikisika, nani mwingine anastahili kukikalia?

Jibu langu nitalitoa mapema ili msomaji asikae roho juu: ni Azumah bado. Lakini sababu zinazotolewa mara nyingi sizo zinazonishawishi, na zipo hoja dhidi yake ambazo mashabiki wake huzipita haraka mno.

Kwanza jiji lenyewe. Watu husema "Ghana" wanapotaja mabondia hawa, ila ukichunguza unakuta sehemu kubwa ya historia hiyo imetoka katika eneo dogo la pwani: Ga Mashie, yaani James Town na Ussher Town, mitaa ya wavuvi wa kabila la Ga (Waga) iliyobanana kati ya bahari na ziwa la Korle. Katikati yake upo uwanja wa Bukom. Ghana imepata medali 5 tu za Olimpiki tangu ianze kushiriki, na 4 kati ya hizo ni za ndondi. Ya kwanza, ya fedha, aliitwaa Clement Quartey wa Accra kule Roma mwaka 1960, siku chache kabla Abebe Bikila hajakimbia marathoni pekupeku katika jiji hilohilo. Ya karibuni, ya shaba, ni ya Samuel Takyi, kijana wa Ga Mashie, katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021.

Kwa nini hapo? Wapo wanaosema ni umaskini, na wapo wanaosema ni mila. Wa mila wana ushahidi mzuri: kabla glovu za Waingereza hazijafika, Waga walikuwa na asafo atwele, mapigano ya ngumi ya vikundi kati ya mtaa na mtaa, na serikali ya kikoloni ilihangaika nayo kabla ya ndondi rasmi kuyapa sheria na kengele. Wa umaskini nao hawajakosea, maana mtoto mwenye kitu mfukoni hachagui kupigwa usoni ili apate nauli. Ila umaskini peke yake haufafanui kitu. Pwani yote ya Afrika Magharibi ina vijiji vya wavuvi maskini, na havikutoa mabingwa wa dunia. Kilichopo Bukom na kisichopo kwingine ni jimu zilizosongamana, Attoh Quarshie, Bronx na nyinginezo, ambamo kijana wa miaka 14 anafanya mazoezi ya kupigana na mtu aliyewahi kupigana na bingwa. Ufundi unarithiwa mkononi. Kuhusu "damu ya kivita" ambayo watangazaji hupenda kuitaja, sina la kusema zaidi ya kwamba damu haifundishi mtu kurudisha mkono wa kulia kidevuni.

Kisha lipo swali la nani ahesabiwe. Nana Konadu alikuwa bingwa wa dunia katika uzani mbili tofauti na ni Mghana halisi, lakini alizaliwa Sunyani, mbali na bahari. Namwacha nje, ingawa inaniuma. Azumah mwenyewe si mtoto wa Bukom kama wengi wanavyodhani. Alizaliwa mwaka 1958 Mamprobi, ng'ambo ya pili ya Korle, katika ukoo wa Watabom, wazao wa Waafrika waliorudi kutoka Brazil karne ya 19. Accra ni jiji la bandari, na watu wake wamekuja kwa njia nyingi.

Tuanze na aliyefungua mlango. David Kotei, anayejulikana kama D.K. Poison, alikwenda Inglewood, California, Septemba 1975, kupambana na Rubén Olivares, Mmexico ambaye wakati huo jina lake lilitosha kuwatia mabondia baridi. Raundi 15. Majaji waligawanyika, na safari hii walio wengi walimpa mgeni. Akawa Mghana wa kwanza kushika mkanda wa dunia, uzani wa unyoya wa WBC. Akautetea mara mbili, mara moja nyumbani Accra na mara moja Tokyo, kisha Novemba 1976 akampokea Mmarekani Danny Lopez mjini Accra, mbele ya umati wa makumi ya maelfu, na akapoteza kwa pointi.

Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Poison alicheza kwao, na aliyetunzwa ni mgeni. Yapo mengine ya kutunzwa kwa Poison nitakayoyarudia mwishoni, kwa sababu yanahusu fedha na samaki.

Wanaomtetea Poison kama mkubwa wa wote wana hoja moja, na ni nzito: bila yeye, Azumah hana njia. Mapromota wa Marekani hawakuwa na sababu ya kumtazama Mghana mara mbili kabla ya Olivares kupigwa. Naikubali hoja hiyo, ila inapima umuhimu, na umuhimu si ukubwa. Aliyevunja ukuta anaweza kuzidiwa na aliyepita kwenye tundu. Ubingwa wa Poison ulidumu miezi 14. Ushindi wake mkubwa ni mmoja. Ukimweka juu ya Azumah unakuwa umempa heshima ya mzee wa ukoo, ambayo anastahili, ukaiita heshima ya ulingoni.

Basi Azumah. Karibu kila anayeandika juu yake huanza na usiku wa 21 Julai 1982, Madison Square Garden, New York. Kijana mwenye mapambano 13 tu ya kulipwa, aliyeitwa kwa dharura baada ya mpinzani mwingine kujitoa, akapanda ulingoni na Salvador Sánchez, bingwa ambaye wengi walimwona bora duniani katika uzani ule. Walikwenda hadi raundi ya 15, pambano likiwa bado wazi, ndipo Sánchez alipommaliza. Wiki tatu baadaye Sánchez alikufa katika ajali ya gari nchini Mexico, akiwa na miaka 23, na pambano lile likabaki kuwa la mwisho maishani mwake. Kwa hiyo likageuka kitu kitakatifu. Azumah alipoteza, na katika kupoteza akawa mkubwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Usiku ule ulithibitisha kwamba Azumah ana moyo na mapafu, na kwamba haogopi jina la mtu. Haukuthibitisha kwamba yeye ni mkubwa. Ushujaa wa kufika raundi ya 15 na kuangushwa ni ushujaa, na ndondi imejaa mashujaa wa aina hiyo ambao hawakufanya lolote jingine. Kama hoja ya Azumah ingesimama juu ya Sánchez, Ike Quartey, bondia mwingine wa Accra, angekuwa sawa naye, maana naye, kama tutakavyoona, usiku wake mkubwa ni wa kupoteza.

Hoja yenyewe inaanza Desemba 1984, na ukiitazama vizuri utaona inahusu jiografia. Azumah alimfuata Wilfredo Gómez mpaka San Juan, Puerto Rico. Gómez alikuwa mungu mdogo wa kisiwa kile, mtu aliyewahi kutetea mkanda wake wa uzani wa chini mara 17 mfululizo na kuwamaliza wote 17 kabla ya kengele ya mwisho. Azumah akammaliza Gómez raundi ya 11. Mwaka uliofuata akaenda Birmingham, Uingereza, nyumbani kwa Pat Cowdell, akamlaza raundi ya kwanza kwa konde moja la kushoto ambalo ukiliona leo bado utajishika shavu. Machi 1992 akaenda Melbourne kumkabili Fenech mara ya pili, uwanja wa wazi, makumi ya maelfu ya Waaustralia waliokuja kuona haki ikitendeka baada ya ile sare. Akamwangusha mapema, akammaliza raundi ya 8. Septemba 1993 akaenda San Antonio, Texas, nyumbani kwa Jesse James Leija, akatoka na sare.

San Juan, Birmingham, Melbourne, San Antonio. Katika kila mji mwenyeji ndiye aliyekuwa akicheza kwao. Azumah alishinda mara tatu, akatoka sare mara moja, na zile tatu zote hakumwachia jaji kalamu. Hiyo ndiyo sababu yangu, na sioni bondia mwingine wa Accra anayeikaribia. Mgeni anayejua kwamba kadi za majaji hazitakuwa rafiki ana njia moja tu ya uhakika, na Azumah aliijua njia hiyo.

Ongeza urefu wa muda. Tangu Desemba 1984 hadi Mei 1994 alikuwa bingwa wa dunia karibu bila kukatika, kwanza uzani wa unyoya, kisha, kuanzia Februari 1988, uzani wa juu yake, kilo 59. Katika miaka yote hiyo alipoteza pambano moja tu, dhidi ya Pernell Whitaker mwaka 1990, alipojaribu kupanda hadi uzani mwepesi. Whitaker wa 1990 alikuwa hapigiki, hata nzi asingemtua. Baada ya kuupoteza mkanda kwa Leija Mei 1994, watu wakamzika Azumah. Desemba 1995, akiwa na miaka 37, akamsimamisha Gabriel Ruelas raundi ya 5 na kuurudisha, kisha Juni 1996 akamsimamisha Leija raundi ya 6. Umri ule wenzake walikuwa makocha. Alipoingizwa katika Ukumbi wa Kimataifa wa Watukufu wa Ndondi mwaka 2004, hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa upande wa pili, na sitaufanya mdogo.

Azumah alipewa sare na Fenech mwaka 1991 ambayo hakuistahili. Nimelitazama pambano lile zaidi ya mara moja nikitafuta raundi sita za kumpa, na sizipati. Baadaye alieleza kwamba alikuwa ametoka kuugua malaria. Naamini. Mtu yeyote aliyewahi kuugua malaria anajua kwamba kusimama raundi 12 mbele ya Fenech katika hali hiyo ni kichaa. Lakini malaria ni sababu ya kupoteza, haiwezi kuwa sababu ya kutopoteza. Tukisema Mmarekani Oscar De La Hoya alibebwa na majaji dhidi ya Ike Quartey mwaka 1999, hatuwezi kunyamaza hapa. Kwa kipimo kile kile, kumbukumbu ya mapambano ya Azumah ina kasoro, na WBC ilichelewa miaka 31 kuisema.

Pili, ushindi wa mkanda wake wa kilo 59 dhidi ya Mario Martínez mwaka 1988 nao ulikuwa wa majaji waliogawanyika. Tatu, kuna usiku wa Machi 1997 dhidi ya Genaro Hernández ambao mashabiki wetu huusahau kwa makusudi. Azumah alimpiga Hernández konde baada ya kengele ya raundi ya 7, likampata vibaya kooni. Hernández angeweza kukaa kwenye kiti chake, akapewa ushindi na mkanda bila kurusha konde jingine. Akakataa. Akasema anataka kuushinda mkanda kwa kupigana, akaendelea, na akaushinda kwa pointi. Nikiwaza juu ya heshima ya mchezo huu, pambano hilo hunijia kabla ya Sánchez, na shujaa wake hakutoka Accra.

Ukiyajumlisha hayo yote unapata mtu, si sanamu. Bado hayafuti San Juan wala Melbourne. Kwa kweli Melbourne ndiyo inayojibu Las Vegas. Alidaiwa, akaenda kulipa nyumbani kwa mdai, na akalipa kwa namna ambayo hakuna baraza litakaloitengua.

Mpinzani wake wa kweli katika mjadala huu ni Ike Quartey, aliyezaliwa 1969, ndugu mdogo wa yule Clement wa Roma 1960, kitindamimba katika familia ya watoto 27. Walimwita Bazooka, jina lililomkosea kidogo, kwa sababu silaha yake haikuwa mlipuko mmoja. Ilikuwa ngumi ya kushoto ya kunyoosha, ile inayotangulia na kuuliza maswali. Wengi huwa nayo ya kupima umbali tu. Quartey alikuwa nayo kama nguzo inayosukumwa mlangoni. Alikuja na glovu zote mbili juu, kifua kimefungwa, halafu mkono ule unatoka, unarudi, unatoka tena, na kichwa cha mwenzake kinakwenda nyuma kila mara.

Ukinilazimisha niseme ni bondia gani wa Accra aliyepigana vizuri zaidi katika kilele chake, siku moja iliyo bora kabisa, nitasita. Juni 1994 nchini Ufaransa alimsimamisha Crisanto España, Mvenezuela ambaye alikuwa hajawahi kupoteza, raundi ya 11, akachukua mkanda wa uzani wa welta wa WBA (kama WBC, WBO na IBF, ni moja ya taasisi zinazotoa mikanda ya dunia). Mwaka 1996 alimsimamisha Vince Phillips raundi ya 3. Phillips huyo huyo mwaka uliofuata ndiye aliyemsimamisha Kostya Tszyu, jambo ambalo hakuna aliyetarajia. Basi jiulize Quartey wa wakati ule alikuwa wa ngazi gani.

Kisha 13 Februari 1999, Las Vegas, Oscar De La Hoya. Wote wawili walikuwa hawajapoteza. Raundi ya 6 Quartey aliangushwa, akainuka, na kabla raundi haijaisha naye akamwangusha De La Hoya. Sehemu kubwa ya katikati ya pambano mkono ule wa kushoto ulimfanya De La Hoya aonekane mtu anayetafuta mlango gizani. Raundi ya 12, De La Hoya, akihisi kwamba mkanda unamponyoka, akatoka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akamwangusha Quartey na kumshindilia kwenye kamba kwa muda mrefu wa kutisha. Quartey hakuanguka tena. Majaji wawili wakampa De La Hoya, mmoja akampa Quartey.

Alidhulumiwa? Wapo wanaoapa kwamba ndiyo. Mimi naona lilikuwa pambano la kukaribiana sana ambalo raundi ya mwisho iliamua, na raundi hiyo hakuna mwenye macho atakayempa Quartey. Tatizo lake halikuwa majaji. Tatizo lake ni kwamba alipanda ulingoni siku ile akiwa hajapigana tangu Oktoba 1997, aliposhika sare na José Luis López. Miezi 16 bila pambano. WBA ilikuwa imeshamvua mkanda kwa kutoutetea. Wanaomtetea watasema hayo yalikuwa mambo ya mikataba na mapromota, na kwamba bondia wa Kiafrika hana sauti mezani. Sehemu fulani ni kweli. Lakini Azumah naye alikaa kwenye meza hizo hizo, katika miaka migumu zaidi, na hakuwa na mwaka na zaidi wa kukaa bure akiwa kileleni.

Baada ya De La Hoya akapoteza kwa Fernando Vargas mwaka 2000, akapotea kwa miaka, akarudi, na mwaka 2006 akapoteza kwa Vernon Forrest kwa pointi ambazo hata mimi nisiyependa malalamiko naziona hazikuwa sawa, kisha kwa Winky Wright, safari hiyo bila ubishi. Mapambano 4 aliyopoteza, yote kwa watu waliowahi kuwa mabingwa wa dunia. Ni sifa. Pia ni tatizo, kwa maana katika ngazi ile ya juu kabisa Quartey hana jina moja kubwa la kuliweka mezani na kusema huyu nilimshinda akiwa katika ubora wake. España na Phillips ni wazuri. Si Gómez. Ndiyo maana kwangu Quartey ni wa pili, na pengo ni dogo kwa kipaji, kubwa kwa kazi.

Wa baada yake nitawapita kwa kasi. Alfred Kotey alishika mkanda wa WBO uzani wa bantamu mwaka 1994. Richard Commey alikuwa bingwa wa uzani mwepesi kwa miezi kadhaa mwaka 2019, kabla Teofimo López hajammaliza raundi ya pili. Joshua Clottey alimshinda Zab Judah mwaka 2008, na Juni 2009, Madison Square Garden, akapoteza kwa Miguel Cotto kwa majaji waliogawanyika. Hilo nalo liko katika orodha ya dhuluma. Lakini Cotto alikuwa amechanika juu ya jicho tangu raundi ya 3, damu inamwingia, anarudi nyuma, na Clottey katika raundi za mwisho hakumfuata. Machi 2010 akapewa nafasi ya maisha, Manny Pacquiao, uwanja wa Dallas Cowboys, watu zaidi ya 50,000, akakaa nyuma ya glovu zake raundi 12 kama mtu aliyejikinga mvua chini ya mwembe. Alikuwa na nguvu, alikuwa na kidevu cha chuma. Alikosa kile kitu kinachomfanya mgeni aamue kwamba hataki kusikia kadi zikisomwa.

Joseph Agbeko ndiye mwenye dai lililo safi kuliko yote. Agosti 2011, dhidi ya Abner Mares, alipigwa chini ya mkanda pambano zima, na raundi ya 11 konde la namna hiyo hiyo lilimkunja akaenda chini, mwamuzi akahesabu kuwa ameangushwa kihalali. IBF iliagiza marudiano. Desemba wakarudiana, na Mares akashinda kwa kadi zote tatu. Hapo ndipo pabaya kwa hadithi yetu tuipendayo: dhuluma ilikuwa ya kweli, ikapewa dawa, na matokeo yakabaki yale yale. Tofauti ya Agbeko na Azumah ipo katika marudiano yao, kati ya Desemba 2011 na Machi 1992.

Kwa hiyo nikipanga: Azumah, Quartey, Poison, kisha Agbeko na Clottey bega kwa bega. Wapo watakaouliza Roy Ankrah yuko wapi, bingwa wa Dola ya Uingereza mwaka 1951, aliyepigana zama ambazo Mwafrika wa Gold Coast, yaani Ghana ya wakati wa ukoloni, hakuwa na bendera ya kujifunga mabegani. Sijui jinsi ya kumpima mtu wa zama zile kwa mikanda ya zama hizi, na naona afadhali kumwacha nje ya mstari kuliko kumpa nafasi ya huruma.

Anabaki mmoja. Floyd Klutei Robertson, 9 Mei 1964, Accra. Ubingwa wa dunia uzani wa unyoya, mpinzani Sugar Ramos, Mcuba aliyekuwa akiishi Mexico. Taifa lilikuwa na umri wa miaka saba tu, na pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa limeletwa mlangoni. Mcheza alikuwa kwao hasa. Baada ya raundi 15 majaji wakagawanyika, wawili kwa Ramos. Wakuu wa ndondi wa Ghana wakaifuta hukumu hiyo na kumtangaza Robertson mshindi. Dunia haikuwasikiliza.

Madeni ya jiji hili huchukua muda. Mwaka 1976 serikali ya Jenerali Acheampong ilimkopa D.K. Poison dola 45,000 kutoka katika malipo yake ya ngumi ili kuagiza vibua vya makopo, kwa kuwa nchi ilikuwa na uhaba wa chakula. Watu wakavila, na samaki wale wakaitwa kwa jina lake. Alirudishiwa fedha mwaka 2020, miaka 44 baadaye. Fenech naye alisubiri miaka 31, akapata chake. Kwenye kumbukumbu za mapambano ya Robertson, mstari wa 9 Mei 1964 bado unasomeka vile vile: Ramos, kwa pointi, raundi 15.